Betri huuawa na joto, baridi huifichua: dalili ambazo dereva wa milimani hapaswi kuzipuuza

Kati ya mwezi Juni na Agosti, anga la nchi za Maziwa Makuu huwa safi usiku kucha, na ardhi hupoteza joto lake mapema. Alfajiri katika miji ya milimani kama Kabale nchini Uganda, Musanze nchini Rwanda, Kayanza nchini Burundi na Njombe nchini Tanzania, kipimo cha joto hukaribia digrii 10 za selsiasi, na mahali pengine hushuka chini ya hapo. Huo ndio wakati ambapo sauti moja husikika katika nyua na vituo vingi vya mabasi: stata inayozunguka kwa uzito, ikakwama, kisha ikanyamaza.

Dereva aliyefikwa na hali hiyo huilaumu baridi. Jana gari liliwaka bila shida, leo limekataa, na kilichobadilika ni hali ya hewa tu. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini inaacha sehemu kubwa zaidi. Baridi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati haina nguvu ya kuiua betri nzima. Inachofanya ni kuifichua betri ambayo tayari ilikuwa imechoka, na mara nyingi iliyoichosha ni joto la miezi iliyopita.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kwa mwenye teksi, kwa dereva wa gari la wagonjwa, au kwa mkulima anayetakiwa kufikisha maziwa mjini kabla ya jua kupanda, asubuhi moja iliyopotea ina gharama yake. Anayeelewa kwamba betri hudhoofika polepole, tena ikitoa dalili, ana muda wa kujiandaa. Anayeamini kwamba ni baridi iliyoiua ghafla husubiri hadi siku ya msiba.

Kutoka ziwani hadi kileleni

Jiografia ya eneo hili huwakutanisha madereva na tabia mbili za hewa katika safari moja. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari na ni mji wa joto karibu mwaka mzima. Barabara kuu inayoelekea kaskazini hupanda kwa kona nyingi hadi Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kabla hata ya kumaliza kilomita 50. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo gari lililoondoka mjini jioni na kulala mlimani huamkia hali ya hewa tofauti kabisa.

Hali ni hiyo hiyo kwa malori ya masafa marefu. Lori linaloondoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo huanza safari katika joto la pwani, kisha hupita Timboroa, magharibi mwa Kenya, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500. Linaloendelea Kigali kwa njia ya Kabale hukutana na baridi kwa mara ya pili. Kusini mwa Tanzania, magari yatokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya hupanda Nyanda za Juu Kusini, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali na, katika maeneo kama Kitulo, umande huganda juu ya majani.

Ndani ya kasha la betri

Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na asidi. Msingi wake uliwekwa mwaka 1859 na mwanasayansi Mfaransa Gaston Planté, na ingawa imeboreshwa mno, kanuni yake haijabadilika. Ndani ya kasha kuna vyumba sita. Kila chumba kina bamba za risasi na bamba za oksidi ya risasi, zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuri. Chumba kimoja chenye chaji kamili hutoa takriban volti 2.1, na vyumba sita kwa pamoja hutoa karibu volti 12.6.

Umeme unapotumika, asidi huungana na bamba na kuacha juu yake tabaka la chumvi iitwayo salfeti ya risasi. Injini inapowaka, alteneta huurudisha umeme ndani ya betri na chumvi hiyo huyeyuka na kurudi kuwa asidi. Betri ikiachwa muda mrefu bila chaji ya kutosha, chumvi hiyo hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo hazirudi tena katika hali ya kwanza. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo ni sehemu iliyokufa. Betri huonekana kubwa kama zamani, lakini uwezo wake umepungua.

Kazi nzito kuliko zote kwa betri ni kuzungusha stata. Gari dogo la petroli huhitaji ampea mia moja au zaidi kwa sekunde chache, na injini kubwa ya dizeli huhitaji mia kadhaa. Redio na taa za ndani hutumia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Ndiyo maana redio inaweza kuimba vizuri katika gari ambalo haliwezi kuwaka.

Baridi inafanya nini hasa

Baridi huishambulia safari ya kuwasha gari kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kwanza ni wa betri yenyewe. Kemia ndani ya asidi iliyopoa huenda polepole, na umeme hutoka kwa shida. Katika digrii sifuri, betri nzuri hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake za kuwashia ikilinganishwa na siku ya joto la wastani. Katika digrii 18 chini ya sifuri, hupoteza zaidi ya nusu.

Upande wa pili ni wa injini. Oili iliyopoa huwa nzito, na vyuma vinavyoteleza ndani yake huhitaji nguvu zaidi kusogezwa. Injini ya dizeli ina mzigo wa ziada, kwa kuwa haiwashwi kwa cheche za plagi bali kwa joto la hewa iliyobanwa. Stata ikizunguka polepole, hewa hiyo haipati joto la kutosha na mafuta hayalipuki. Hapo ndipo dereva hulazimika kujaribu tena na tena, na kila jaribio huinyonya betri zaidi.

Hata hivyo, takwimu hizo zina maana nyingine kwa wakazi wa nchi hizi. Katika digrii 8 au 10 za Kabale au Kayanza, betri nzima hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na akiba inayobaki inatosha kabisa kuwasha gari. Ikiwa gari limekataa kuwaka katika baridi ya kiasi hicho, hitimisho moja ndilo lenye uwezekano mkubwa: betri ilikuwa imebaki na akiba kidogo mno, au mfumo wa kuichaji una kasoro. Baridi imechukua kipande kidogo cha mwisho kilichokuwa kimesalia.

Hali ni tofauti kwa Wakongo, Warundi na wengine wa eneo hili waliohamia Kanada, Norway au Finland. Huko baridi yenyewe ni adui kamili. Betri isiyo na chaji inaweza kuganda katika digrii chache tu chini ya sifuri na kasha lake likapasuka, ilhali yenye chaji kamili hustahimili baridi kali kuliko ile inayopatikana katika miji mingi ya dunia. Betri iliyoganda haipaswi kuchajiwa wala kuunganishwa na gari jingine kabla haijayeyuka na kukaguliwa.

Muuaji wa kimyakimya

Mafundi wa umeme wa magari wana kanuni ya kukadiria: juu ya digrii 25, kila ongezeko la digrii 10 katika joto la betri hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Chini ya boneti ya gari linalotembea katika foleni za Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, joto huzidi sana lile la hewa ya nje. Maji ndani ya betri hupungua, bamba huachwa wazi sehemu ya juu, na nyavu za risasi zinazoshikilia bamba huliwa na kutu. Betri ambayo ingedumu miaka 5 katika nchi ya ubaridi mara nyingi huchoka ndani ya miaka 2 au 3 katika mji wa joto.

Lakini joto lina hila yake. Linapoiharibu betri, papo hapo huirahisishia kazi: kemia huenda kasi, oili ni nyepesi, na injini huzunguka kwa wepesi. Dereva wa pwani au wa kando ya ziwa anaweza kuendesha gari lenye betri dhaifu kwa miezi mingi bila kujua. Siku atakapolala mlimani, deni hudaiwa lote kwa mkupuo.

Dalili ya mvua ni mawingu

Betri haifi bila kutoa taarifa. Dalili ya kwanza, na iliyo ya kuaminika zaidi, ni stata kuzunguka polepole asubuhi. Dereva anayelijua gari lake husikia tofauti hata kabla haijawa tatizo: injini iliyokuwa ikiwaka kwa mizunguko miwili sasa inahitaji minne, na mlio wake ni mzito. Ikiwa ulegevu huo huonekana alfajiri tu na kutoweka mchana, huo si uthibitisho kwamba betri ni nzima. Ni ishara kwamba akiba yake imekaribia kwisha.

Dalili ya pili ni taa. Taa za dashibodi zinazofifia sana au kuzimika kabisa ufunguo unapozungushwa huonyesha kwamba umeme wote umevutwa na stata na haujatosha. Taa kubwa ambazo ni hafifu injini ikiwa imezimwa, kisha huongezeka mwanga injini inapovuma, husema jambo hilo hilo.

Dalili ya tatu ni mlio wa kutatarika kwa haraka chini ya boneti badala ya mzunguko wa stata. Swichi ya stata inavutwa, volti zinaanguka, inaachia, kisha inavutwa tena, mara nyingi kwa sekunde. Mlio mmoja tu wa nguvu ukifuatiwa na kimya, huku taa zikibaki na mwanga wake, mara nyingi huashiria kasoro katika stata yenyewe wala si betri.

Dalili ya nne huonekana katika magari ya kisasa. Saa hurudi sifuri, redio husahau vituo, au taa za onyo zisizo na uhusiano wowote huwaka kwa pamoja wakati wa kuwasha. Kompyuta za gari hazipendi volti ndogo, na huanza kulalamika kabla stata haijashindwa. Katika magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni, mfumo huo huacha kufanya kazi pale kompyuta inapoona kwamba betri haina akiba ya kutosha.

Dalili ya tano huonekana kwa macho. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri hudhoofisha njia ya umeme. Kasha lililovimba ubavuni ni ishara ya joto kali au ya kuchajiwa kupita kiasi, na betri ya namna hiyo inapaswa kuondolewa. Harufu ya yai bovu ni onyo kubwa zaidi, kwa sababu ina maana kwamba gesi inatoka ndani. Gari lizimwe, boneti ifunguliwe ili hewa ipite, na moto wa aina yoyote uwekwe mbali.

Ya mwisho ni umri. Betri iliyopita miaka 3 katika eneo la joto inastahili kupimwa kabla ya msimu wa baridi hata kama haijaonyesha kasoro yoyote.

Si kila kosa ni la betri

Wamiliki wengi wa magari hununua betri mpya, kisha baada ya wiki mbili hurudi katika tatizo lile lile. Sababu ni kwamba mgonjwa hakuwa betri. Alteneta isiyochaji, mkanda wake uliolegea, nyaya zilizoliwa na kutu, au kifaa kinachoendelea kunyonya umeme gari likiwa limeegeshwa, vyote hutoa sura ya betri mbovu. King'ora, kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari na redio iliyofungwa na fundi asiye makini ni miongoni mwa wanyonyaji wa kawaida. Gari lililotulia halipaswi kutumia zaidi ya takriban miliampea 50.

Njia ya kutenganisha makosa hayo ni kupima, na kifaa kinachohitajika ni mita ya volti, ambayo fundi yeyote wa umeme wa magari anayo. Kipimo cha kwanza hufanywa gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Volti 12.6 au zaidi humaanisha chaji kamili. Volti 12.4 ni karibu robo tatu, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 ni karibu robo. Chini ya hapo betri inahesabiwa kuwa tupu. Kupima mara tu baada ya kuzima injini hudanganya, kwa kuwa betri huonyesha volti za juu zisizo zake.

Kipimo cha pili hufanywa wakati stata inazunguka. Betri nzima haishuki chini ya takriban volti 9.6. Ikiwa ilikuwa na 12.6 ikiwa imetulia lakini huanguka hadi 8 au 7 mara tu stata inapoguswa, ni betri inayoonyesha sura ya afya bila kuwa nayo. Kipimo cha tatu hufanywa injini ikiwa inavuma. Katika magari mengi, volti kati ya 13.8 na 14.5 humaanisha kwamba alteneta inachaji ipasavyo. Ikibaki 12 na kidogo, betri mpya haitasaidia kitu, na tatizo litafutwe kwenye alteneta, mkanda au nyaya.

Malori na mabasi makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12. Kila moja inapaswa kupimwa peke yake. Moja ikidhoofika huivuta mwenzake, na kubadilisha ile mbovu pekee huifanya mpya ibebe mzigo wa kuukuu hadi nayo ichoke kabla ya wakati.

Gari likikataa kuwaka

Jaribio la kuwasha lisizidi sekunde 10, na kati ya jaribio na jaribio ipite angalau dakika moja ili betri ijikusanye na stata ipoe. Kwa gari la dizeli, dereva asubiri taa ya kupasha moto izime kabla ya kugusa stata. Taa, feni na redio zote ziwe zimezimwa. Gari lenye gia za kawaida linaweza kusukumwa kwa gia ya pili, ila la otomatiki haliwaki kwa njia hiyo.

Kuazima umeme wa gari jingine ni msaada wa kawaida barabarani, na ni hapo pia ajali nyingi za betri hutokea. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, na mlipuko hurusha asidi usoni. Mpangilio salama ni huu: waya mwekundu uanze kwenye kichwa chanya cha betri iliyokufa, kisha kichwa chanya cha betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye kichwa hasi cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Kwa namna hiyo cheche ya mwisho hutokea mahali pasipo na gesi. Kuondoa nyaya hufuata mpangilio huo kinyume. Gari dogo la volti 12 kamwe lisiunganishwe na mfumo wa lori wa volti 24, hata kama lori ndilo pekee lililopo barabarani. Asidi ikimrukia mtu, sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, na ikiwa ni jichoni, afikishwe kwa daktari mara moja.

Mazoea mengine ya vituoni yanapaswa kuachwa. Kuwasha moto au kuweka jiko la mkaa chini ya injini au tangi ili kuipasha dizeli kumeweza kuteketeza gari na waliomo. Kuongeza asidi katika betri iliyochoka hakuirudishii nguvu, bali huharakisha kuliwa kwa bamba. Kinachopungua katika betri zenye vifuniko ni maji, na kinachoongezwa ni maji safi ya betri yanayouzwa madukani, si ya bomba wala ya kisima.

Gari lililowaka kwa msaada lisizimwe baada ya dakika tano. Safari fupi hazirudishi kile stata ilichokula, na betri iliyokwisha kabisa huhitaji saa nyingi. Ni bora ichajiwe taratibu kwa mashine: kwa betri ya ampea 60 kwa saa, chaji ya takriban ampea 6 usiku kucha ni ya kiasi.

Kusoma lebo kabla ya kulipa

Magari mengi ya eneo hili yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na betri zake hufuata alama za Kijapani. Alama kama 55B24L inasomeka hivi: 55 ni daraja la nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu wa kasha kwa sentimita, na L huonyesha upande vilipo vichwa. Betri yenye daraja dogo kuliko lililoandikiwa gari inaweza kuwasha injini mjini Bujumbura, kisha ikashindwa Bugarama. Vichwa navyo vina unene tofauti. Waya unaolazimika kukazwa kwa kipande cha bati hulegea barabarani na kuleta dalili zote za betri mbovu.

Betri nyingine huandikwa herufi CCA zikifuatiwa na namba. Namba hiyo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika digrii 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Hakuna mji wa Afrika Mashariki wenye baridi ya namna hiyo, lakini kipimo hicho ni njia nzuri ya kulinganisha betri mbili za ukubwa mmoja. Pamoja na hayo, mnunuzi anapaswa kuuliza tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuota fuwele kabla haijafungwa kwenye gari.

Betri kuukuu haina nafasi jalalani

Betri iliyokufa bado ina kilo nyingi za risasi, na hiyo ndiyo sababu ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliojengeka karibu na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi Desemba 2024.

Kwa mmiliki wa gari, funzo ni jepesi: betri isivunjwe nyumbani, asidi isimwagwe shambani wala mtaroni, na kasha lisigeuzwe chombo cha maji au cha kuoteshea mboga. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu. Wengine hupunguza bei ya mpya kwa anayerudisha ya zamani.

Jioni kabla ya safari ya mlimani, kazi inayohitajika haifiki nusu saa: kusafisha vichwa vya betri kwa brashi, kukaza nyaya, kuangalia kiwango cha maji ikiwa betri ina vifuniko, na kuhakikisha kwamba hakuna taa iliyoachwa. Asubuhi, kabla ya kuzungusha ufunguo, mita ya volti itatoa jibu. Ikionyesha 12.6, baridi ya Kabale au ya Njombe haitakuwa na la kusema. Ikionyesha 12.0, gari linaweza kuwaka siku hiyo, na huenda hata ya pili yake, lakini betri hiyo ipelekwe kwa fundi kabla ya kulala tena mlimani.